Kupiga rangi gari nyumbani: ukungu wa rangi na mapafu ya binadamu

Mtu apitaye asubuhi katika vitongoji vya jiji la Mwanza, kuanzia Igogo na Mabatini hata Nyakato na Buzuruga, hakosi kusikia mngurumo wa kompresa. Chini ya mwembe, au kando ya ukuta wa nyumba, lipo gari lililovuliwa taa na bampa, vioo vyake vimefunikwa kwa magazeti, na fundi analizunguka akilipulizia rangi. Amejifunga kitambaa puani. Hatua chache kutoka hapo sufuria ya maharage imetelekwa juu ya jiko la mkaa, na watoto wamesimama kutazama. Baada ya siku mbili gari hilo litang'aa kama jipya, na mwenyewe atakuwa amelipa fedha chache kuliko ambazo angedaiwa na karakana kubwa.

Gereji za namna hii, ambazo wananchi huziita "gereji bubu", huwapatia riziki vijana wengi, na baadhi ya vijana hao walikuwa wanafunzi wa sekondari miaka michache tu iliyopita. Makala haya hayakusudii kuwabeza. Shabaha yake ni kueleza kwa njia ya kisayansi mambo yatokeayo pale rangi inapogeuzwa kuwa ukungu, kwa nini ukungu huo ni hatari kwa fundi na kwa jirani yake, na hatua zipi huweza kuchukuliwa ili kuikinga afya. Elimu inayohitajika kuyaelewa haya ni fizikia na kemia zilezile zinazofundishwa darasani.

Rangi ya gari imeundwa na nini?

Rangi yoyote ya gari ina sehemu kuu tatu. Ya kwanza ni chembechembe zinazoipa rangi sura yake, nyekundu, nyeupe au buluu. Ya pili ni gundi, iitwayo resini na wataalamu, ambayo huzishika chembechembe hizo na kuzigandisha katika bati. Ya tatu ni kiyeyushi, yaani kimiminika kinachoilainisha rangi ipate kupulizika. Mafundi hukiita thina. Thina nyingi za magari ni mchanganyiko wa vimiminika kama vile tolueni, zailini na asetoni, ambavyo vyote huwa mvuke kwa urahisi na vyote huwaka moto.

Yafaa ikumbukwe kwamba thina haibaki katika gari. Kazi yake ni kuisafirisha rangi hadi juu ya bati, kisha kutoweka. Lita nzima iliyomiminwa katika rangi asubuhi, jioni huwa imekwisha kuingia hewani. Swali la kujiuliza ni hili: hewa ya wapi, na ni nani anayeivuta?

Katika miaka ya mwanzo ya magari, rangi ilipakwa kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, na kazi hiyo ilichukua majuma kadhaa. Mabadiliko makubwa yalitokea nchini Marekani mwaka 1923, wakati kampuni za General Motors na DuPont zilipoanza kutumia rangi ya nitroselulosi iliyopulizwa kwa hewa na kukauka upesi. Chombo chenyewe cha kupulizia kina historia ya ajabu. Daktari Allen DeVilbiss wa mji wa Toledo, Marekani, alianza mwaka 1888 kutengeneza kipulizio cha kunyunyizia dawa kooni mwa wagonjwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwanawe, Thomas DeVilbiss, alikigeuza kifaa hicho kiweze kupuliza rangi. Hivyo bunduki ya rangi ni mtoto wa chombo kilichobuniwa mahsusi kwa kufikisha kimiminika katika njia ya hewa ya binadamu. Sifa hiyo haijaipoteza hata leo.

Namna ukungu unavyozaliwa

Ndani ya bunduki, hewa iliyoshindiliwa na kompresa hupita kwa kasi kubwa mbele ya tundu la rangi. Pale penye kasi kubwa shinikizo hupungua, rangi huvutwa nje, na mara hiyo hiyo hewa huikatakata kuwa matone madogo sana. Matone mengi huwa na upana wa mikroni chache hadi makumi kadhaa, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita.

Si matone yote yafikayo katika bati. Bunduki za kawaida za shinikizo kubwa hupoteza zaidi ya nusu ya rangi: sehemu huruka pembeni, na sehemu hugonga bati na kurudishwa na hewa. Bunduki zitumiazo hewa nyingi kwa shinikizo dogo hufikisha asilimia 65 au zaidi ya rangi mahali panapotakiwa, nazo kwa hiyo huokoa fedha pamoja na mapafu. Matone makubwa yaliyopotea huanguka chini karibu na gari. Madogo huelea hewani kwa dakika nyingi baada ya fundi kuiachia bunduki, na mengi hayaonekani kwa macho. Pua na koo huweza kuyazuia matone makubwa, lakini yale ya chini ya mikroni 10 hupenya ndani, na yaliyo madogo zaidi hufika hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, ambako damu na hewa hukutana.

Hatari ya kwanza: moto

Kila kimiminika kinachowaka kina kiwango chake cha chini cha joto ambapo mvuke wake unaweza kushika moto ukipata cheche. Kwa mafuta ya taa kiwango hicho ni nyuzi 38 za sentigredi au zaidi. Kwa zailini ni karibu nyuzi 27, yaani joto la kawaida la adhuhuri mjini Mwanza. Kwa tolueni ni nyuzi 4 tu, na kwa asetoni ni chini ya sifuri. Maana yake ni kwamba hakuna saa yoyote ya mchana au usiku, katika mwambao wote wa Ziwa Viktoria, ambapo kopo la thina lililo wazi halitoi mvuke wa kutosha kuwaka.

Mvuke huo una tabia nyingine ambayo hapana budi kila mwanafunzi aielewe. Uzito wa molekuli ya tolueni ni 92, hali wastani wa hewa ni 29. Mvuke wa tolueni basi ni mzito mara tatu na zaidi kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi. Pasipo na upepo huteremka, hutambaa juu ya ardhi, hujaa mashimoni na mitaroni, na hufuata mteremko kama maji. Katika jiji lililojengwa juu ya miamba, ambapo nyumba moja imekaa juu ya paa la nyingine, jambo hili si la nadharia. Mvuke uliotoka katika ua wa juu huweza kulifikia jiko la mkaa la jirani wa chini, nalo jiko huwekwa chini kabisa, mahali uleule mvuke upendapo kupita. Ukiwaka, moto hurudi kwa njia ile ile hadi kwenye kopo.

Tufanye hesabu ndogo. Lita moja ya tolueni ina uzito wa gramu 867, yaani karibu moli 9.4. Katika kimo cha Mwanza, ambapo ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, moli moja ya mvuke huchukua nafasi ya lita 28 hivi. Kwa hiyo lita moja ya thina ya namna hiyo hutoa lita zipatazo 260 za mvuke. Chumba chenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.5 kina lita 30,000 za hewa. Mvuke ukienea sawasawa humo, utakuwa karibu asilimia 0.9 ya hewa yote. Mchanganyiko wa tolueni na hewa huweza kulipuka ufikapo asilimia 1.1. Lita moja tu, ndani ya chumba kilichofungwa, imetufikisha karibu na mpaka huo. Na kwa kuwa mvuke haueni sawasawa bali hulala chini, sakafuni mpaka utakuwa umekwisha kuvukwa.

Cheche zinazotosha kuuwasha mvuke ni nyingi: sigara, kiberiti, swichi ya taa, mota ya kompresa, betri ya gari inayofunguliwa nguzo zake, hata umeme tuli wa nguo za nailoni. Taifa letu halijasahau msiba wa Msamvu, Morogoro, wa tarehe 10 Agosti, 2019, ambapo watu zaidi ya 100 walipoteza maisha baada ya lori la petroli kupinduka na mvuke wake kushika moto. Kipimo cha mafuta kilikuwa kikubwa mno kuliko cha kopo la fundi, lakini kanuni ni ile ile. Mvuke ndio uwakao, nao huwa umekwisha kufika mbali kabla ya mtu kuuona.

Hatari ya pili: sumu

Turudi katika hesabu yetu. Asilimia 0.9 ni sawa na sehemu 9,000 hivi katika kila sehemu milioni za hewa. Taasisi ya Marekani inayochunguza usalama na afya kazini imetaja sehemu 500 katika milioni kuwa kiwango cha tolueni kinachohatarisha maisha papo hapo. Hivyo, muda mrefu kabla ya chumba kuwa tayari kulipuka, mtu aliyemo ndani yake huwa tayari amedhurika. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na hali ya kulewa. Fundi aliyelewa mvuke hukosea: huacha kopo wazi, hujikwaa katika waya, au huanguka na asiweze kutoka. Anayeuvuta kwa miaka mingi huweza kudhurika ubongo na mishipa ya fahamu. Kwa mama mjamzito, mvuke huo unaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Mbaya zaidi ni rangi za kisasa zinazouzwa katika makopo mawili, rangi na kigumishi, ambacho mafundi hukiita hadina. Aghalabu kigumishi hicho huwa na kemikali za jamii ya isosayaneti. Hizi hutambulika kwa kundi la atomu za naitrojeni, kaboni na oksijeni zilizofungamana, lenye uchu mkubwa wa kuungana na kemikali nyingine. Ndani ya rangi uchu huo ni wa manufaa: isosayaneti huungana na resini na kufanya tabaka gumu, linalong'aa na lisiloyeyushwa na petroli. Ndani ya mapafu, uchu ule ule huelekezwa kwa protini za mwili. Mwili huzitambua protini zilizobadilishwa kuwa adui, na tangu siku hiyo huweza kuzipinga daima. Matokeo yake ni pumu ya kazini. Fundi aliyekwisha kupata hali hii huweza kubanwa kifua kwa kiasi kidogo sana cha isosayaneti, hata kile kinachomfikia akiwa amesimama nje ya uzio wa gereji, na mara nyingi hulazimika kuacha ufundi wake kabisa.

Isosayaneti haina harufu ya kumwonya mtu katika kiwango kinachodhuru. Aidha, dalili zake huenda zisitokee kazini. Kikohozi na kubanwa kifua huweza kuanza usiku, saa nyingi baada ya kazi, na mgonjwa akadhani ni baridi ya ziwa au mafua. Nchini Uingereza, wapiga rangi wa magari wamekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa wafanyakazi wanaopatwa zaidi na pumu ya kazini, na sababu kuu ni rangi hizi. Msomaji atakumbuka kwamba gesi iliyoua maelfu ya watu mjini Bhopal, India, mwezi Desemba 1984, ilikuwa isosayaneti ya methaili. Ile ya rangi ni ndugu yake mpole zaidi, kwa kuwa haigeuki gesi kwa urahisi. Lakini bunduki ya rangi humwondolea upole huo, kwa kuwa huibeba hewani ikiwa matone.

Hatari ya tatu hukaa katika gari lenyewe. Rangi za zamani, hasa za njano na nyekundu, pamoja na rangi za msingi za kuzuia kutu, mara nyingi zilitengenezwa kwa risasi na kromiamu. Fundi anapozipiga msasa mkavu hutengeneza vumbi la madini hayo. Risasi huharibu ubongo wa watoto hata ikiwa kidogo, na aina ya kromiamu itumikayo katika rangi hizo husababisha saratani. Vumbi hilo hulala juu ya udongo wa ua, mahali watoto wachezapo. Si ajabu basi kwamba shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kazi ya upakaji rangi, tangu mwaka 1989, katika orodha ya mambo yanayosababisha saratani kwa binadamu.

Kitambaa puani na glasi ya maziwa

Kinga mbili hutumika sana katika gereji zetu. Zote mbili zina sifa kubwa, na zote mbili hazina nguvu.

Ya kwanza ni kitambaa au barakoa ya kawaida. Kitambaa huzuia vumbi kubwa na baadhi ya matone. Lakini molekuli ya tolueni haifikii hata sehemu ya elfu ya mikroni moja, nayo hupita katika matundu ya kitambaa kama mbu apitavyo katika lango la ng'ombe. Kitambaa kilicholowa rangi ni kibaya zaidi, kwani humwekea fundi thina mbele ya pua yake.

Ya pili ni maziwa. Mafundi wengi huamini kwamba maziwa yanywewayo baada ya kazi "huosha kifua". Maziwa ni chakula bora, lakini hupita katika umio na kuingia tumboni, wala hayafiki mapafuni. Madhara ya imani hii ni kwamba humpa fundi moyo wa kufanya kazi bila kinga, akidhani deni lake atalilipa jioni kwa glasi moja.

Upepo wa ziwa: rafiki anayefukuzwa

Kwa nini basi fundi hujifungia ndani, ilhali hewa ya bure imejaa nje? Sababu ni kwamba anaupenda uzuri wa kazi yake. Upepo huleta vumbi. Tena wako wale wadudu wadogo wa ziwani, ambao katika siku fulani huinuka juu ya maji kama mawingu ya moshi na kupeperushwa hadi nchi kavu. Wakitua juu ya rangi mbichi, kazi ya siku nzima imeharibika. Hivyo fundi hufunga milango, au hulizungushia gari maturubai pande zote, na kwa kufanya hivyo hujenga chumba kile kile tulichokipigia hesabu.

Sayansi humwonyesha njia iliyo bora. Mchana jua hupasha nchi kavu upesi kuliko maji. Hewa ya juu ya nchi hupanda, na hewa ya ziwani huja kushika nafasi yake. Usiku mambo hugeuka, na upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Kati ya vipindi hivyo kuna saa za utulivu, kwa kawaida asubuhi na tena jioni. Mafundi huzipenda saa hizo, lakini ni wakati huo hasa mvuke hulala chini bila kuondoka. Wakati ufaao zaidi ni pale upepo mwepesi wa ziwa unapoanza, kabla haujapata nguvu ya kuinua vumbi. Ardhi imwagiwe maji ili vumbi litulie. Maturubai yawekwe pande mbili au tatu tu, na upande wa kutokea upepo uelekee mahali pasipo na nyumba, jiko wala njia ya watu. Fundi naye asimame upande unaotoka upepo, ili ukungu umkimbie badala ya kumfuata. Siku ya wadudu wengi, kazi iahirishwe.

Taratibu za kufuata

Kabla ya kazi:

1. Soma maandishi ya kopo. Ikiwa rangi ina kigumishi, na katika maandishi ya Kiingereza kuna neno linaloanza na "isocyan", usiipulize nyumbani, hata nje ya nyumba. Rangi hiyo huhitaji chumba maalumu chenye feni ya kutoa hewa, pamoja na kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya eneo la kazi. Peleka gari mahali penye vifaa hivyo, au chagua rangi ya aina nyingine. Ziko siku hizi rangi zinazotumia maji kwa sehemu kubwa badala ya thina.

2. Zima majiko, taa za moto na sigara katika eneo lote, hasa upande wa mteremko. Ondoa betri ya gari kabla kopo lolote la thina halijafunguliwa.

3. Weka kompresa mbali, upande unaotoka upepo. Hakikisha valvu yake ya usalama inafanya kazi, na toa maji yaliyojikusanya katika tangi, kwani maji hulila bati la tangi kwa ndani hadi siku moja lipasuke.

4. Ondoa watoto, wajawazito na wagonjwa wa pumu. Waarifu majirani.

5. Piga msasa kwa maji, usipige mkavu. Kusanya tope lake, usiliache likauke uani.

Wakati wa kazi:

6. Kwa rangi za thina zisizo na isosayaneti, vaa kipumulio cha mpira chenye vichujio vya makaa maalumu ya kunasa mvuke, pamoja na kichujio cha matone. Katika vipimo vya Ulaya kichujio cha mvuke huwa na alama ya rangi ya kahawia, na katika vile vya Marekani alama nyeusi. Kipumulio kikae barabara usoni. Ndevu huacha mwanya. Ukianza kusikia harufu ya thina, kichujio kimekwisha. Baada ya kazi kihifadhi katika kopo lililofungwa, maana makaa huendelea kunasa mvuke hata yakiwa juu ya rafu.

7. Vaa miwani ya kukinga, glavu zisizoyeyushwa na thina, na nguo za pamba zenye mikono mirefu.

8. Tumia shinikizo dogo kadiri bunduki inavyoruhusu. Fungua kopo moja tu kwa wakati, na lifunike mara umalizapo kumimina.

Baada ya kazi:

9. Usivue kipumulio mara unapoiachia bunduki. Toka kwanza katika eneo la kazi, kwani ukungu usioonekana ungali unaelea.

10. Usioshe mikono kwa thina wala petroli, ambazo hupenya ngozi. Tumia mafuta ya kula kuilegeza rangi, kisha sabuni na maji. Usile kabla ya kunawa.

11. Usiweke kamwe thina katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu hasomi alama.

12. Vitambaa vilivyolowa rangi za mafuta vitiwe katika ndoo ya maji. Vikirundikwa vikiwa vikavu huweza kupata joto vyenyewe na kuwaka.

Kwa wale walioajiri vijana, mambo haya si hiari. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humwajibisha mwajiri kuilinda afya ya wafanyakazi wake.

Mabaki ya thina na maji ya ziwa

Mto Mirongo hupita katikati ya jiji na kumwaga maji yake ziwani. Maji ya bomba ya Mwanza hutoka katika ziwa hilo hilo, na Capri Point ni mahali pamojawapo yanapochotwa. Thina iliyomwagwa mtaroni kwa hiyo haijaenda mbali. Tena Ziwa Viktoria hupoteza sehemu kubwa ya maji yake kwa mvuke unaopanda angani, wala si kwa Mto Naili. Maji hupaa, lakini risasi na kromiamu hazipai. Hubaki katika tope la chini, ambako viumbe wanaoliwa na samaki hujipatia chakula.

Thina iliyooshea bunduki yaweza kutumiwa tena. Iachwe itulie katika kopo lililofungwa, masazo yashuke chini, kisha ile safi ya juu imiminwe polepole kwa ajili ya kuoshea siku nyingine. Masazo yachanganywe na mchanga, yakaushwe nje mbali na moto, na yatupwe pamoja na taka zisizochomwa.

Ajali ikitokea

Aliyelewa mvuke atolewe kwenye hewa safi na asiachwe peke yake. Mwokoaji asiingie katika chumba kilichojaa mvuke kabla ya kufungua milango, wala asibonyeze swichi yoyote. Jicho lililoingiwa na rangi, thina au kigumishi cha puti lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kisha mgonjwa apelekwe hospitali. Aliyemeza thina asitapishwe, kwa sababu thina inaporudi huweza kuingia mapafuni na kumuua. Anayekohoa na kubanwa kifua usiku baada ya kupuliza rangi amweleze mganga kazi anayoifanya. Bila habari hiyo chanzo cha ugonjwa huweza kupita bila kutambuliwa.

Moto wa thina usizimwe kwa maji, kwani thina ni nyepesi kuliko maji, nayo huelea juu yake na kuusambaza moto. Kopo linalowaka lifunikwe. Moto mdogo wa chini umwagiwe mchanga mkavu au uzimwe kwa kizimamoto cha unga. Ukizidi, watu waondoke na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji liitwe kwa namba 114.

Kwa walimu na wanafunzi

Majaribio yafuatayo hayahitaji rangi wala thina, na thina isitumiwe kamwe darasani.

Jaribio la kwanza. Weka mshumaa mfupi unaowaka chini ya mfereji wa karatasi ngumu ulioinamishwa. Changanya siki na magadi ya kuokea katika jagi, ngoja povu litulie, kisha mimina gesi peke yake, bila kimiminika, juu ya mfereji. Mshumaa utazimika. Hewa ukaa ina uzito wa molekuli wa 44, nayo imeteremka kama maji. Waulize wanafunzi: mvuke wenye uzito wa 92 utafanyaje katika ua ulio mlimani?

Jaribio la pili. Tia maji yenye wino katika chupa ya kupulizia. Puliza kuelekea karatasi iliyo umbali wa sentimeta 20, kisha 40, kisha 60. Weka karatasi nyingine pembeni na chini. Hesabu matone yaliyopotea, na ueleze kwa nini umbali humgharimu fundi rangi.

Jaribio la tatu. Funga utepe mwepesi juu ya mti katika uwanja wa shule. Kwa juma zima andika mwelekeo wake saa moja asubuhi, saa tano, saa nane mchana na saa kumi na mbili jioni, pamoja na joto la hewa. Chora ramani ndogo ya mtaa, kisha onyesha mahali na saa ambapo fundi angeweza kupuliza rangi bila kumdhuru jirani.

Kazi hii ya tatu yafaa isiishie katika daftari. Ramani hiyo ipelekwe kwa fundi wa mtaa na ijadiliwe pamoja naye. Yeye anaufahamu upepo wa mahali pake kwa miaka mingi kuliko mwanafunzi yeyote, na mwanafunzi anaufahamu uzito wa mvuke. Wakikaa pamoja, huenda jiko la mkaa likahamishwa hatua chache, kitambaa kikabadilishwa kwa kipumulio, na kopo la hadina likarudishwa dukani.